Mbona Kozi ya Bure Haimaliziki?

Swali hili huulizwa na mwalimu wa sekondari, fundi wa simu, karani wa benki, hata mama aliyestaafu anayetaka kuielewa vizuri zaidi sukari inayomsumbua. Maneno hutofautiana, kiini ni kilekile: "Nilijiandikisha kozi ya chuo kikuu kikubwa cha Marekani, bure kabisa. Nikaangalia video mbili tatu. Halafu sijui ikawaje, sikurudi tena. Hivi tatizo ni mimi?"

Anayeuliza mara nyingi hushusha sauti. Watu wazima, wenye kazi na familia zao, huona haya kwa sababu ya kozi waliyoiacha wiki ya pili, kana kwamba wamefeli mtihani wa taifa na matokeo yamebandikwa ukutani. Haya hiyo inaniuma, maana imewekwa kwenye mabega yasiyostahili kuibeba. Kozi hizi sasa zina historia ya kutosha kutuonyesha nani hufika mwisho na nani huishia njiani. Ukiifuatilia, unaona jambo moja likijirudia: mwenye kumaliza mara nyingi ana watu wa kusoma nao, na anayeacha mara nyingi yuko peke yake na simu yake.

Kozi zenyewe ni zipi

Tunazungumzia kozi huria za mtandaoni. Ni huria kwa sababu hakuna anayekudai cheti cha kidato cha nne wala anayekuchuja mlangoni. Masomo, maswali na majibu yote yako kwenye intaneti. Kwenye matangazo utakuta zinaitwa MOOC, ambao ni ufupisho wa jina lake la Kiingereza. Kinachozitenga na masomo mengine ya masafa ni ukubwa wa darasa: mwalimu mmoja anaweza kuwa na wanafunzi laki moja.

Jina hilo lilizaliwa Canada mwaka 2008, George Siemens na Stephen Downes walipoifungua kozi yao ya Chuo Kikuu cha Manitoba kwa yeyote aliyetaka. Wanafunzi wa kulipa ada walikuwa kama 25. Waliojiunga bure walizidi 2,000. Lakini dunia haikushtuka hadi mwaka 2011, pale Sebastian Thrun na Peter Norvig walipoliweka mtandaoni somo lao la akili mnemba la Chuo Kikuu cha Stanford. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Wanafunzi wenyewe walijitolea kulitafsiri katika lugha zaidi ya 40. Hata pale Stanford, darasani walikuwa wameandikishwa kama 200, lakini baada ya wiki kadhaa waliokuja kukaa kwenye viti walikuwa kama 30. Wengine waliona ni heri kusikiliza video chumbani.

Mwaka uliofuata mambo yakaenda mbio. Thrun akaanzisha Udacity. Wenzake wawili wa Stanford, Andrew Ng na Daphne Koller, wakaanzisha Coursera. Vyuo vya Harvard na MIT vikaungana kuanzisha edX. Gazeti la New York Times likauita 2012 kuwa mwaka wa kozi hizi. Ahadi iliyotolewa ilikuwa kubwa: binti wa kijijini, akiwa na intaneti, angesoma somo lilelile analosoma mtoto wa tajiri wa Boston, kwa walimu walewale, bila kulipa senti.

Kwa upande mmoja ahadi hiyo ilitimia. Somo lipo, na walimu ni walewale kweli. Yaliyotokea baada ya mlango kufunguliwa ndiyo yanayotuhusu.

Watu 3 kati ya 100

Mwaka 2019 watafiti wawili, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walitoa hesabu ya kozi za Harvard na MIT tangu zilipoanza mwaka 2012 hadi 2018. Watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wamejiandikisha kwa jumla zaidi ya mara milioni 12, maana wengi walichukua kozi zaidi ya moja. Katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, kati ya kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa 3 tu.

Namba hiyo imetumika sana kuzika kozi hizi, na pia kuwadharau wanaozisoma. Lakini iangalie kwa makini. Kati ya wale 100, zaidi ya nusu hawakufungua hata somo la kwanza. Walibonyeza kitufe cha kujiandikisha, basi. Mtu akiingia duka la kanga, akafunua doti mbili tatu, akaaga na kwenda zake, mwenye duka hasemi kwamba ameshindwa kununua.

Halafu wako waliokuja kwa shida zao nyingine. Watafiti wa Stanford walifuatilia nyendo za wanafunzi mwaka 2013 wakakuta makundi manne hivi:

• Wamalizaji, wanaofanya karibu kila jaribio hadi mwisho.
• Watazamaji, wanaoangalia video nyingi na kuelewa, ila hawajibu maswali kwa kuwa cheti hakiwahusu.
• Wanaokatika, walioanza kwa nguvu, wakafanya kazi za wiki za mwanzo, kisha wakatoweka.
• Waonjaji, wanaochungulia somo moja au mawili na kuondoka.

Mtazamaji na mwonjaji hawana kesi ya kujibu. Mhasibu anayetaka kujua fomula moja tu ya lahajedwali, akaipata katika wiki ya tatu na kuondoka, amefaidika kikamilifu ingawa kwenye takwimu anahesabiwa miongoni mwa walioacha.

Wanaonigusa mimi ni wale wa kundi la tatu. Harvard waliwahi kuwauliza wanafunzi mwanzoni mwa kozi nia yao ni nini. Miongoni mwa waliosema wamekuja kuchungulia tu, waliopata cheti walikuwa asilimia 6. Miongoni mwa waliosema wanataka kumaliza, walikuwa asilimia 22. Nia basi ina uzito. Lakini hapo ndipo penye uchungu pia: watu wanane kati ya kumi waliotaka kwa dhati kufika mwisho hawakufika. Hao ndio wenye swali letu.

Waliolipia cheti mapema wana rekodi bora zaidi. Katika ile hesabu ya Harvard na MIT, karibu nusu yao walimaliza. Wapo wanaosema basi dawa ni kulipa, kwamba ukitoa hela utajituma. Sikubaliani nao moja kwa moja. Anayetoa fedha yake mapema ni mtu aliyekwisha kuamua, na mara nyingi ni mtu mwenye nafasi: ana kompyuta, ana chumba, ana umeme usiokatika. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliwauliza maelfu ya wanafunzi wa kozi zake za bure, kikakuta asilimia 83 tayari walikuwa na stashahada au shahada. Mlango ulifunguliwa kwa wote, lakini waliopita kwa wingi ni waliokuwa wamesoma tangu zamani.

Kwa ufupi: namba ya 3 kati ya 100 inachanganya wasioanza, waliochungulia, waliopata walichotaka na walioumia. Usijipime nayo mpaka ujue wewe ulikuwa nani kati yao.

Saa nne usiku

Sasa tumwangalie kwa karibu mmoja wa kundi la tatu. Hebu tumfikirie muuguzi wa zahanati moja huko Sikonge, mkoani Tabora. Amejiandikisha kozi ya afya ya jamii. Nia anayo: mwezi uliopita wamepokea watoto wengi wa kuhara, na anataka kuelewa namna wataalamu wanavyofuatilia ugonjwa hadi kwenye chanzo chake.

Anatoka kazini saa moja jioni. Anapika, anawasimamia watoto kuoga na kumaliza kazi za shule, anapanga sare za kesho. Inagonga saa nne. Ananunua bando la usiku kwa kuwa ni nafuu, anakaa kitandani, simu ikiwa imechomekwa kwenye chaji. Video inafunguka, kiduara kinazunguka, inaendelea, kinazunguka tena. Mhadhiri anaongea haraka, kwa Kiingereza cha kwao. Muuguzi wetu anarudisha nyuma sekunde kumi. Anarudisha tena. Maandishi yanapita chini ya picha, na kwa kioo cha simu yanasomeka kwa taabu.

Baada ya dakika sita video inakwisha. Urefu huo haukuja kwa bahati. Mwaka 2014 watafiti walichambua mamilioni ya utazamaji wa video za edX, wakaona kwamba uvumilivu wa watu hupungua sana video ikizidi dakika sita hivi. Waliona pia kwamba walimu wanaoongea upesi na kwa uchangamfu ndio wanaoshika zaidi watazamaji. Tuliojifunza Kiingereza shuleni tuitazame vizuri hiyo ya pili. Mwendo unaomfurahisha mzaliwa wa lugha unaweza kuwa ndio unaomwacha nyuma muuguzi wa Sikonge, naye akadhani hana kichwa.

Yanakuja maswali matano. Anajibu la kwanza, sawa. La pili, alama nyekundu. Anajaribu tena, nyekundu. Kompyuta ndiyo inayosahihisha, na haina namna ya kumwambia amekosea wapi zaidi ya sentensi iliyoandikwa tangu zamani kwa ajili ya watu wote. Angekuwa darasani angemgeukia jirani: "Dada, hili umelielewaje?" Hapa kitanda ni kimya, na mumewe amelala.

Wiki ya tatu anaandika insha ya ukurasa mmoja. Kwa kuwa mwalimu hawezi kusoma insha laki moja, wanafunzi husahihishana. Insha yake, iliyomla usiku mbili, inasomwa na watu watatu asiowajua. Wawili wanampa alama bila neno. Wa tatu anaandika neno moja la sifa.

Wiki ya nne anapangiwa zamu za usiku. Jumamosi kuna msiba wa jirani, na huwezi kukosa kwenda kupika na wenzako. Jumatatu anapata barua pepe: uko nyuma ya ratiba. Haifungui. Wiki inayofuata inakuja nyingine, hiyo nayo haifungui. Hakuna siku aliyoamua kuacha. Kozi imemponyoka tu.

Nimekaa na picha hii kwa urefu kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kozi za mtandaoni unaishia kwenye maneno "jipangie muda" na "kuwa na nidhamu". Muuguzi huyu ana nidhamu kuliko wengi wanaomshauri.

Barua pepe haikuwa mtu

Wenye majukwaa, yaani tovuti zinazobeba kozi hizi, hawakukaa bure. Walilijua tatizo mapema na walijaribu kulitibu. Dawa moja iliyoleta matumaini ilikuwa zoezi fupi la kuandika mwanzoni mwa kozi. Watafiti waliona kwamba wanafunzi wa nchi maskini hufanya vibaya kuliko wenzao hata wanapokuwa na elimu sawa, na wakashuku kwamba sababu mojawapo ni hofu ya kudharauliwa: mtu anajiona mgeni katika darasa la wakubwa. Wakawaomba waandike mistari michache kuhusu mambo wanayoyathamini maishani na jinsi kozi inavyohusiana nayo. Mwaka 2017 walitangaza kwamba zoezi hilo liliinua sana idadi ya waliomaliza katika kozi walizozichunguza.

Wakalirudia kwa upana zaidi, pamoja na mazoezi mengine ya kumfanya mtu apange siku na saa ya kusoma. Safari hii walihusisha karibu wanafunzi robo milioni, katika kozi karibu 250 za Harvard, MIT na Stanford. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yaliwapoza. Mazoezi ya kupanga ratiba yaliwachangamsha watu wiki za mwanzo, kisha nguvu yake ikaisha. Lile la kuandika kuhusu mambo wanayoyathamini lilisaidia hapa, halikusaidia pale.

Nawaheshimu watafiti hao kwa kusema ukweli wao hadharani. Na ninayaamini matokeo yao, kwa sababu yanalingana na yale ya kitanda cha Sikonge. Ujumbe unaotumwa na mashine kwa watu laki moja, hata uwe umeandikwa kwa hekima namna gani, hauwezi kukuuliza kwa nini jana hukuonekana.

Kijana wa Ulaanbaatar

Kozi ya kwanza kabisa ya mradi uliozaa edX ilifundishwa mwanzoni mwa 2012 na Anant Agarwal wa MIT. Ilikuwa ya saketi, yaani njia ambazo umeme hupita ndani ya vifaa vya elektroniki. Walijiandikisha karibu watu 155,000. Waliofaulu walikuwa 7,157. Kati yao 340 walipata alama zote bila kukosa hata moja, na mmoja wa hao alikuwa kijana wa miaka 15 kutoka Mongolia, Battushig Myanganbayar.

Habari yake ilisambaa duniani kama ushahidi wa ahadi: tazameni, mtoto wa nyika za Asia na kompyuta yake amewashinda wanafunzi wa MIT. Mwaka 2013 alipokelewa MIT kama mwanafunzi wa kawaida. Kipaji chake ni cha kweli na sina haja ya kukipunguza. Kabla ya hapo alikuwa amemtengenezea mdogo wake wa kike king'ora kinacholia gari linapotoka gereji, ili watoto wanaocheza nje wapishe.

Ila usimulizi wa haraka uliacha kitu muhimu. Battushig hakusoma peke yake. Mkuu wa shule yake, Enkhmunkh Zurgaanjin, alikuwa Mmongolia wa kwanza kuhitimu MIT. Aliichukua ile kozi ya mtandaoni akaifanya kuwa darasa la shule, lenye wanafunzi kama 20. Alimwomba rafiki yake, Tony Kim, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu Stanford, aje kuwasaidia. Kim alifika Ulaanbaatar na masanduku matatu yaliyojaa vifaa vya maabara. Vijana wakawa wanaangalia video za Agarwal, kisha wanashika nyaya na vipande halisi kwa mikono yao, na yupo mtu mbele yao wa kumwuliza wanapokwama. Battushig mwenyewe alikuwa akitengeneza video fupi kwa Kimongolia kuwaelezea wenzake sehemu ngumu.

Tafadhali lisome tena hilo la mwisho. Mwanafunzi bora wa darasa alikuwa akiwafundisha wenzake, kwa lugha yao. Kila aliyewahi kumweleza mwenzake hesabu anajua kwamba hakuna njia ya haraka zaidi ya kugundua usichokijua.

Kigali iliiga lililo sahihi

Karibu na kwetu zaidi, mwaka 2013 ulianzishwa mjini Kigali mradi wa Kepler, ukianza na kundi la wanafunzi 50. Waanzilishi wake waliuliza swali rahisi: ikiwa mihadhara bora ya dunia sasa ni bure, fedha yetu kidogo tuiweke wapi? Jibu lao lilikuwa kuiweka kwa watu. Wanafunzi walitumia mihadhara ya mtandaoni, kisha wakakutana na walimu wa ana kwa ana wa kuwaongoza katika mazungumzo, kuwakosoa uandishi, kuwaandaa kwa kazi. Shahada walipewa na chuo cha Marekani, Southern New Hampshire University. Baadaye mradi ukafika hadi kambi ya wakimbizi ya Kiziba.

Mwaka huohuo, California, chuo kikuu cha serikali cha San José kilijaribu na Udacity kuwafundisha mtandaoni vijana waliokuwa nyuma katika hisabati. Katika somo la msingi kabisa waliofaulu hawakufika theluthi moja. Baadhi yao, ilikuja kujulikana, hawakuwa hata na kompyuta. Kufika katikati ya mwaka jaribio likasimamishwa. Somo lilikuwa zuri. Wanafunzi wale wale waliohitaji zaidi mtu wa kukaa nao ndio waliopewa kioo.

Kabla ya intaneti kulikuwa na redio

Tanzania ina mfano wake, na ni mkubwa kuliko hiyo yote. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa wiki kumi na mbili, Redio Tanzania ilirusha vipindi kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara, kifua kikuu na usafi wa mazingira. Walioshiriki walifika kama milioni 2, katika nchi ambayo wakati huo watu wake wote walikuwa kama milioni 15. Mihadhara ya mbali, darasa lenye watu wasiohesabika, bila ada. Kwa sura hiyo ilikuwa kozi huria kabla ya kozi huria.

Tofauti ni namna ilivyopangwa. Hakuna aliyeambiwa akasikilize redio nyumbani peke yake, na wengi hata redio hawakuwa nayo. Watu walipangwa katika vikundi vidogo vya kusikiliza. Kabla ya kampeni walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, wengi wakiwa watu wa kawaida wa palepale kijijini. Kikundi kilikutana siku ya kipindi, wakasikiliza pamoja, mmoja akasoma sehemu ya kitabu kwa sauti, kisha wakajadili: hapa kwetu hali ikoje, na sisi tufanye nini? Wakitoka hapo walishika majembe. Vyoo vilichimbwa na madimbwi yakafukiwa, na kazi hiyo iliendelea hata vipindi vilipokwisha.

Mama asiyekuja wiki ya nne aliulizwa na wenzake. Akiwa amefiwa, kikundi chote kilikuwa msibani naye, na somo likasogezwa. Huo ndio mfumo ambao mazoezi ya kupanga ratiba, barua pepe na vikumbusho vya simu vimejaribu kuuiga bila kufanikiwa. Sisi tulikuwa nao. Inanisikitisha kwamba intaneti ilipokuja tuliipokea kama kitu cha mtu mmoja na simu yake, wakati kumbukumbu ya kusoma kwa vikundi bado iko hai kwa wazazi wetu.

Ukitaka kuanza tena

Ushauri wangu wa kwanza ni kutafuta wenzako kabla ya kutafuta kozi. Watatu wanatosha, watano ni bora. Wawe watu mnaoonana hata hivyo: wauguzi wa zamu moja, walimu wa shule moja, vijana wa msikiti au kwaya moja. Kundi la WhatsApp linasaidia, lakini mkutane ana kwa ana walau mara moja kwa wiki, siku ileile, mahali palepale. Ukikosa kuja, mtu akupigie.

Gawaneni kazi. Mwenye intaneti nzuri, au anayefika mahali penye waifai, apakue video za wiki nzima. Programu ya simu ya Coursera inaruhusu kuzihifadhi na kuziangalia bila bando. Ziangalieni kwa pamoja, msimamishe kila mnapokwama, na mpunguze kasi ya mhadhiri. Kitufe cha kufanya hivyo kipo kwenye karibu kila video. Kisha kila wiki mmoja wenu aeleze somo lote kwa Kiswahili, bila kusoma popote. Zoezi hilo moja lina faida kuliko kuangalia video mara tatu.

Chagueni kozi fupi, ya wiki nne hadi sita, na yenye jambo mtakalolitumia mwezi huohuo. Muuguzi wa Sikonge akisoma namna ya kufuatilia mlipuko wa ugonjwa, daftari la wagonjwa wa kuhara liko mezani kwake. Walifungue na wenzake, wahesabu wagonjwa kwa kitongoji, waone wanatoka kisima gani. Ratiba ikiwapita, msijali sana: kozi nyingi siku hizi hukuruhusu kusogeza tarehe, na nyingine huanza upya kila baada ya wiki chache.

Bado kuna suala la cheti, ambalo watu huliuliza kwa wasiwasi. Miaka ya mwanzo vyeti vingi vilikuwa bure. Sasa kwa kawaida unaweza kuangalia baadhi ya video bila malipo, lakini majaribio ya kusahihishwa na cheti hulipiwa. Upo utaratibu wa kuomba msaada wa ada: unaandika hali yako na sababu za kutaka kusoma, kisha unasubiri majibu. Ombeni kila mmoja kivyake, mapema, kabla kikundi hakijaanza.

Kabla ya kulipa, nenda kamuulize atakayekisoma hicho cheti. Afisa utumishi wako, au baraza la taaluma yako, anaweza kukwambia kwa sentensi moja kama kinahesabiwa katika mafunzo endelevu ya kila mwaka au la. Ikiwa kinahesabiwa, kilipie. Ikiwa hakihesabiwi, fedha hiyo inatosha bando la kikundi kizima hadi kozi ikamilike.